Daftari la Yustina wa Mpui

Mwezi uliopita, kwenye sherehe ya kuniaga, kijana mmoja wa wodini alisimama na soda yake mkononi akaniomba niwaachie hekima kidogo. Nilimwambia hekima sina, nina hasira. Akacheka, wenzake wakapiga makofi, wakaleta keki. Sasa nimeshakabidhi sare, funguo za kabati la dawa na ile saa ya kuning'iniza kifuani, na hakuna tena mtu wa kuniandikia barua ya karipio. Basi nawaandikia hiyo hasira tangu ilipoanza. Habari za vyeo msizitegemee humu. Vyeo nilipewa na watu ambao hawajawahi kumwaga beseni la mgonjwa.

Nilianza kazi Sumbawanga miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena na kila mwenye mtaji wa magunia mawili ya mahindi akajiita mfanyabiashara. Wenzangu niliosoma nao chuoni, waliposikia wamepangiwa huku, walilia hadharani. Walikuwa wameambiwa watu wa Sumbawanga wanasafiri kwa ungo. Mimi ni mzaliwa wa huku huku juu Ufipa, nilijua watu wa Sumbawanga wanasafiri kwa basi, tena bovu, na likikwama kwenye tope wanashuka kulisukuma. Mwenye ungo angekuwa amewahi kufika.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Sista Agripina, mkuu wa wodi ya wanawake. Hakuwa mtawa, ila hakuna aliyethubutu kumwita jina lingine. Alinionyesha mama mmoja aliyeketi kitandani akihema, mito mitatu mgongoni, akaniambia nihesabu mapigo. Nikashika mkono, nikaangalia saa sekunde kumi na tano, nikazidisha mara nne, nikatangaza themanini na nane kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani. Sista Agripina aliweka stethoskopu kifuani kwa yule mama, akaniamuru nishike tena mkono, tuhesabu pamoja tukitazama saa ile ile, dakika nzima. Dakika ilipoisha mimi nilikuwa na tisini na mbili. Yeye alikuwa na mia moja thelathini na sita.

"Basi mkono wa huyu mama ni mwongo, sista," nilisema, nikijaribu kujiokoa.

"Mkono hausemi uongo," alinijibu. "Unasema kilichoufikia. Moyo wake unaenda ovyo, mapigo mengine ni dhaifu, yanaishia njiani. Kazi yako ni kwenda kusikiliza yalikoanzia. Na hilo jedwali lako la mara nne kalifundishe chekechea."

Tangu siku ile, mgonjwa yeyote ambaye mapigo yake hayana mpangilio tulimhesabu wawili, mmoja mkononi na mmoja kifuani. Ni kazi ya dakika moja. Nimefanya kazi na watu ambao dakika hiyo hawana, ila wanazo nne za kumsema jirani. Juzi juzi nimemwona mmoja wenu akihesabu mkononi huku jicho likiwa kwenye simu. Sikumkaripia, nilikuwa nimebakiza wiki moja kazini, lakini ajue nilimwona.

Chombo nilichokipenda kuliko vyote katika wodi ile ni mizani ya magunia. Msicheke. Mizani ya hospitali ilikuwa imekufa zamani, sindano yake ikionyesha kilo sifuri hata umpandishe askofu. Biashara ya nafaka ilipoachiwa watu binafsi, ghala moja la mjini lilifungwa na mizani yake ikabaki inaota kutu, ile ya bamba la chuma chini na mawe yake pembeni. Sista Agripina aliifuata mwenyewe na mkokoteni. Mgonjwa wa moyo ulioshindwa kazi anajaa maji miguuni, tumboni, mwisho mapafuni, na maji yana uzito. Ukimpima kila asubuhi utajua leo amejaza au amepunguza kabla macho yako hayajaona. Kuna madaktari wageni walioiona wakacheka, wakaomba kupiga nayo picha. Baadaye walikuja wenyewe kuuliza mgonjwa fulani leo ana kilo ngapi.

Miaka hiyo hiyo yakaibuka maduka ya dawa. Mtu aliyekuwa akiuza mbegu na misumari alinunua koti jeupe, akabandika msalaba mwekundu mlangoni, na jioni mtaa mzima ukamwita dokta. Dawa ya kutuliza mapigo, ambayo wodini tulikuwa tunaitoa kwa kuogopa kama mtu anayeshika moto, huko iliuzwa kama karanga. Na vidonge vya kukojoza vilinunuliwa na wanawake waliotaka kupungua kwa ajili ya harusi. Hospitalini nako kadi za wagonjwa zilikwisha, kila mgonjwa akaambiwa aje na daftari lake. Ndipo historia za mioyo ya watu wa Ufipa zikaanza kuandikwa kwenye madaftari ya shule.

Ndivyo alivyokuja Yustina, mkulima wa Mpui, mjane wa makamo, akiwa na binti yake Veronika na daftari jipya kabisa. Miguu ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Hakuweza kulala chali. Moyo ulikuwa umetanuka na mapigo yalikwenda yanavyotaka yenyewe. Wakati huo Sista Agripina alikuwa ameshastaafu na wodi nilikuwa nayo mimi. Tulimhesabu wawili, tukampima kwenye mizani ya magunia, tukampa dawa. Kwa siku tisa akapungua kilo nane, zote maji. Aliondoka anatembea.

Siku ya kuondoka nilimpa masharti. Dawa asubuhi. Asibebe maji wala kuni. Na asile chumvi. Nililisema hilo la chumvi mara tatu, kwa Kiswahili na kwa Kifipa, nikiwa nimesimama na yeye amekaa.

"Chumvi kabisa, sista?" aliniuliza.

"Kabisa. Chumvi inavuta maji. Ukiila utarudi hapa."

Akarudi. Hazikupita wiki sita, kilo saba zimerudi zote. Nilimuuliza kuhusu dawa, alikuwa na vidonge vyake vimepungua kama vinavyotakiwa. Nikamuuliza chumvi. Akasema hajaionja. Nikamwangalia kwa lile jicho ambalo wauguzi tunalo, mnalijua. Tukamtibu, akapungua, akaenda. Akarudi tena baada ya mavuno ya ulezi, kilo tisa juu, anahema mbele ya wodi nzima.

"Mama Yustina," nilimwambia, kwa sauti ya kusikika hadi kitanda cha mwisho, "mizani haina undugu na mtu. Unakula chumvi."

"Sili, sista. Haki ya Mungu sili."

"Mungu muache. Mizani imeshasema."

Wagonjwa wengine wakacheka. Nami nikachukua daftari lake na kalamu nyekundu nikaandika: Mgonjwa si mkweli, anakula chumvi kwa siri. Nikapiga mstari chini, mara mbili. Nilijiona nimefanya kazi. Yeye alikaa kitandani akinitazama ninavyoandika. Sikujiuliza kama anajua kusoma, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua hajui. Mtu wa Mpui mwenye kanga iliyofifia atajulia wapi kusoma?

Alipoondoka safari ile tarehe yake ya kliniki ikapita. Ikapita na ya pili. Kichwani kwangu maelezo yalikuwa rahisi: ameona aibu, anakula chumvi yake kwa raha. Nikaamua nikamfumanie. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndiyo nia niliyopanda nayo basi siku yangu ya mapumziko. Asubuhi ile nilibandika maharage yangu jikoni nikamwachia dada wa nyumba, nikavaa sare kabisa ili kijiji kijue nani kaja. Njia nzima hadi Mpui nilikuwa natunga hotuba.

Mgeni wa Kifipa akifika hukaa nje, husubiri akaribishwe, huulizwa habari za nyumbani. Mimi nilipita moja kwa moja hadi jikoni kama afisa wa kodi. Nilimkuta Veronika amechuchumaa mbele ya chungu cha maharage. Alishtuka, akapiga goti.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Chumvi iko wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za marehemu. "Haipo."

"Haipo vipi? Nionyeshe kopo."

Akanionyesha. Kopo la chumvi lilikuwa na mbegu za maboga. Nikachota mchuzi kwa mwiko bila kukaribishwa wala kuomba radhi, nikaonja. Ulikuwa chapwa kabisa, ladha ya maji na udongo.

"Tangu mlivyomkataza mama, nyumba nzima tuliacha," Veronika alisema. "Tuliona si vizuri yeye ale chapwa peke yake. Baba mdogo akija anatukana, anasema tunakula kama ng'ombe. Hata ng'ombe wa Wasukuma kule bondeni Ilemba wanalambishwa chumvi, anasema."

Alipokuwa akisema hivyo alifungua kikaratasi, akachota kwa vidole vitatu unga wa kijivu, akaunyunyiza chunguni. Maharage yakatoa povu.

"Na hiyo nini?"

"Hii?" Alidhani namtania. "Si magadi, sista. Maharage yataivaje?"

Ufipa ni juu na ni baridi. Maharage yetu yakibandikwa bila magadi yanamaliza mzigo wa kuni na bado yanagongana mdomoni. Hakuna jiko uwandani lisilo na magadi. Mama yangu aliyatia, bibi yangu aliyatia, na mimi asubuhi ile ile, kabla ya kupanda basi kwenda kumfumania mtu, nilikuwa nimeyatia kwenye sufuria yangu. Chuoni nilifundishwa kwamba kinachovuta maji ndani ya chumvi ni madini fulani, na kwamba madini hayo yamo kwenye magadi pia, tele. Nililijibu swali hilo kwenye mtihani, nikapata alama. Halafu nikamwambia Yustina aache chumvi, naye akaacha chumvi. Kwetu magadi hayaitwi chumvi, hayaonjwi kama chumvi, hayakai kopo moja na chumvi. Ni kama kuni, ni kitu cha kuivishia. Tena baada ya kuacha chumvi nyumba ile ikawa inaongeza magadi, ili mboga angalau iwe laini.

"Mama yuko wapi?" nilimuuliza.

"Ndani. Alianguka juma lililopita."

Alikuwa amevimba tena, wiki tatu nyuma. Walikuwa wamekwenda kwenye zahanati moja ya njiani, mganga akafungua daftari, akasoma ule mstari mwekundu, akamwambia hapotezi dawa kwa mtu mbishi, aende hospitali akaseme ukweli. Yustina akaona hana ukweli mwingine wa kusema. Akarudi nyumbani. Asubuhi moja akiwa anapepeta ulezi, upande wa kulia ukamwisha nguvu na kauli ikakatika. Moyo unaokwenda ovyo unaacha damu izubae ndani yake, damu iliyozubaa inaganda, na bonge likichomoka linapanda kichwani. Nililijua hilo pia.

Nikaingia. Alikuwa amelazwa kwenye mkeka, ameegemezwa na magunia, mdomo umevutwa upande mmoja. Nikapiga magoti nikamwambia, "Shikamoo, mama." Wodini sikuwahi kumwamkia, ingawa alinizidi umri kwa mbali. Sare ilikuwa imenizoesha kupokea shikamoo za watu walionizaa. Akafungua mdomo kujibu, ikatoka pumzi tu.

Akaonyesha kwa mkono wa kushoto chini ya mto. Veronika akatoa daftari. Yustina akalifungua mwenyewe, taratibu, ukurasa kwa ukurasa, hadi kwenye wino mwekundu, akaweka kidole juu ya mstari wangu, akanitazama.

"Mama anasoma," Veronika alisema. "Alisoma kisomo cha watu wazima. Ndiye aliyenifundisha mimi herufi."

Nililia. Sikulia kwa staha, nililia hadi majirani wakachungulia. Kisha nikatoa kalamu, nikaufuta ule mstari mbele yake, nikaandika chini: Mgonjwa alisema kweli. Sisi hatukumuuliza magadi. Nikasaini jina langu lote. Daftari lenyewe lilikuwa limefika ukurasa wa mwisho, nikamwambia hospitalini tutaanza jipya.

Tulimpakia kwenye gari la mahindi hadi mjini. Nyumba ile ikaacha magadi, wakawa wanaloweka maharage usiku kucha na kuyachemsha asubuhi yote. Mizani ya magunia ikatulia. Yustina akawa anapanda na kushuka kilo moja tu. Aliishi miaka mingine kadhaa, akajifunza kutembea na fimbo, akawa anapepeta ulezi kwa mkono mmoja. Kauli haikurudi. Kila nilipomuona kliniki nilimwamkia, naye aliinamisha kichwa. Wauguzi wageni walishangaa mkuu wa wodi anampigia goti nani.

Miaka mingi baadaye, Yustina akiwa ameshazikwa, tuliitwa kwenye semina. Alikuja mtaalamu kijana kutoka jijini, na mashine ya kuonyesha picha ukutani. Nilikwenda kusinzia, kama kawaida ya semina, lakini nakiri sikusinzia. Alieleza kwamba ndani ya kila mshipa wa damu kuna utando mwembamba, na kwamba utando ule si bomba lililokufa, uko hai. Wenyewe ndio unaouambia mshipa ulegee au ubane, na ndio unaofanya damu iteleze bila kushika. Moyo ukishindwa kazi, utando huo nao unaugua. Mishipa inabana pale inapotakiwa kulegea, na moyo uliochoka unasukuma mlango uliofungwa. Mapigo yakienda ovyo, utando unapoteza ule utelezi wake na damu inapata pa kugandia. Na chumvi nyingi inaukakamaza zaidi. Baadaye nilipowaeleza akina mama wa Kisukuma waliopanda kutoka Ilemba, niliwaambia ni kama kibuyu cha maziwa kilichokwaruzika ndani, maziwa yanashika pale pale palipokwaruzika. Walielewa kabla sijamaliza. Yule kijana alitumia picha arobaini.

Picha yake ya mwisho iliandikwa: Mshauri mgonjwa apunguze chumvi. Nikanyoosha mkono.

"Na magadi?"

"Magadi, mama," alisema kwa upole ule wanaowapa wazee, "hayo ni mambo ya mila. Tutayazungumza wakati wa chakula."

Wakati wa chakula alijaza sahani mara mbili. "Maharage ya huku ni laini ajabu," aliniambia. "Siri yake nini?"

Nilimwambia. Akaweka kijiko chini. Lakini mabango yaliyoletwa mwaka uliofuata yaliandikwa chumvi, chumvi tupu, na nilizunguka wodi zote na kalamu yangu nikiongeza kwa mkono: NA MAGADI. Niliitwa ofisini nikaambiwa nachafua mali ya serikali.

Siku hizi hamwandiki tena kwamba mgonjwa ni mwongo. Mmepewa lugha ya adabu, mnabonyeza kwenye kompyuta: hafuati ushauri. Hakuna wino, hakuna mstari, na mgonjwa hawezi kuweka kidole juu yake akakutazama. Mnaita maendeleo.

Wiki iliyopita Veronika alikuja kunitembelea. Sasa ni bibi, ana wajukuu. Alisikia nimestaafu, akaniletea kuku, ulezi, na kitu alichokikuta chini ya sanduku la mama yake alipokuwa akihamisha vyombo. Lilikuwa lile daftari la kwanza, pembe zimeliwa na mende, jedwali la kuzidisha bado linasomeka nyuma. Nilifungua hadi ukurasa wa mwisho. Mstari wangu mwekundu upo, umefutwa lakini unaonekana. Wino wa hospitali wakati ule ulikuwa mzuri. Chini yake maneno yangu ya pili na saini. Na chini ya saini kulikuwa na neno moja la penseli ambalo sikuwa nimewahi kuliona, herufi kubwa zilizopinda, zinapanda na kushuka, zimeandikwa na mtu asiyezoea mkono wa kushoto: MARAHABA.